Magari ya Umeme: Tuhesabu Chaja Zinazofanya Kazi

Katika kiangazi cha mwaka 2023 aliyekuwa Waziri wa Nishati wa Marekani, Bibi Jennifer Granholm, alifunga safari ya siku nne kwa gari la umeme, kutoka mji wa Charlotte katika jimbo la North Carolina hadi Memphis katika jimbo la Tennessee. Makusudio yake yalikuwa ya wazi. Alitaka kuwaonyesha wananchi wa nchi ile kwamba fedha za umma zinazotumika kwa ajili ya magari hayo zinazaa matunda, na kwamba mtu sasa aweza kutoka mji hadi mji bila ya tone la petroli. Waandishi wa habari walifuatana naye.

Msafara ulipokaribia Grovetown, kitongoji cha mji wa Augusta katika jimbo la Georgia, mambo yaliharibika. Kituo cha kuchajia cha hapo kilikuwa na chaja nne. Moja ilikuwa mbovu, na nyingine zilikuwa na magari ya watu. Mtumishi mmoja wa Wizara, aliyetangulia mbele ya msafara, alilisimamisha gari lake mbele ya chaja ili kumwekea Waziri nafasi. Gari hilo la mtumishi lilikuwa la petroli. Ikafika familia yenye mtoto mchanga, jua linawaka, gari lao linataka umeme, wakakuta nafasi imezibwa na gari lisilohitaji umeme hata kidogo. Wakaita polisi. Polisi nao hawakuwa na la kufanya, kwa sababu sheria ya Georgia haikukataza gari la petroli kusimama mahala pale. Mwishowe watumishi wa Wizara wakahangaika, wakayapeleka magari mengine ya msafara kwenye chaja za polepole, na Waziri na familia ile wote wakapata nafasi.

Hatuisimulii habari hii kwa kumcheka mtu. Kiongozi kuwa na mtu wa kumtangulia ni ada ya dunia nzima, na sisi hapa Visiwani tunaijua ada hiyo vilivyo. Lakini hebu tulitazame jambo lenyewe. Waziri alitoka kwake kwenda kuiona njia, na mtumishi wake, kwa nia njema na utiifu, akafanya kila awezalo ili asiione. Laiti familia ile isingekasirika, ripoti ya safari ingesema kwamba Waziri alichaji Grovetown bila ya taabu. Kwa mwenye kutangulizwa, chaja tatu zinatosha kabisa, kwani moja huwa tayari ni yake. Kwa asiyetangulizwa, chaja ile ya nne iliyokufa ndiyo safari yake iliyokatika.

Tunaliandika hili leo kwa sababu magari ya umeme hayako mbali nasi tena. Dar es Salaam pikipiki na bajaji za umeme zinaonekana barabarani, na magari madogo ya umeme yaliyokwisha kutumika Japani yanauzwa kwa bei ambayo mwalimu au mfanyabiashara wa kati aweza kuifikiria. Visiwa vyetu havina kisima cha mafuta, na kila lita ya petroli inaletwa kwa meli na kulipiwa kwa fedha za kigeni. Hapana shaka, basi, kwamba siku itafika ambapo mtu atapendekeza, katika mkutano wa ofisi fulani, kwamba nasi tuwe na vituo vya chaja za kasi. Siku hiyo isitukute hatujafikiri.

Kwanza tufahamu kwa nini umeme wa gari haufanani na petroli. Aliyeishiwa petroli njiani husimamisha daladala, akaenda na dumu, akarudi na lita tano, akaendelea na safari. Aliyeishiwa umeme hana dumu. Plagi ya kawaida ya nyumbani hutoa kilowati mbili na kitu. Usiku mmoja wa saa kumi huipa betri kiasi cha uniti 23, nazo zaweza kulisukuma gari dogo kwa kilomita mia na ishirini hivi au zaidi kidogo. Kwa mtu aliye kwake hilo ni jambo jepesi, kwa sababu gari hunywa naye amelala. Kwa mtu aliye njiani, saa kumi ni siku nzima ya kazi. Hapo ndipo chaja ya kasi inapohitajika, ile ya kilowati 50, au 150, au zaidi, ambayo yaweza kufanya kwa nusu saa kazi ya usiku kucha. Hata hiyo ina tabia yake: betri ikishajaa kama asilimia 80 huanza kupokea umeme pole pole, na robo ya mwisho inaweza kumkalisha msafiri muda mrefu kuliko ile ya mwanzo. Wazoefu huondoka kabla haijajaa, na kwa hiyo huhitaji vituo vingi zaidi njiani.

Na chaja ya kasi ni mashine yenye mengi ya kuharibika. Mwanzoni mwa mwaka 2022 watafiti walizikagua chaja za kasi 657 katika eneo la San Francisco na wilaya zinazolizunguka, eneo ambalo kwa utajiri na ufundi halina mfano mkubwa duniani. Waliona kuwa asilimia 72.5 tu ndizo zilizokuwa zikifanya kazi sawasawa. Nyingine vioo vyao vilikuwa vimezima, au hazikupokea malipo, au mtandao wake ulikatika, au plagi imevunjika. Na nyingine zaidi waya wake ulikuwa mfupi, haufiki penye tundu la gari. Ikiwa kwa matajiri zaidi ya moja katika kila nne haifai, sisi tujiulize ya kwetu itakuwaje baada ya mwaka mmoja wa chumvi ya bahari.

Hesabu hiyo inatisha zaidi kuliko inavyoonekana. Msafiri anayetegemea vituo viwili njiani, kila kimoja kikiwa na chaja moja ya namna hiyo, hupita salama mara moja tu katika kila safari mbili, au kuzidi kidogo. Lau kila kituo kingekuwa na chaja nne, uwezekano wa kuzikuta zote nne zimekufa kwa pamoja ni mdogo sana, madhali umeme wenyewe upo. Kwa hiyo chaja kumi zilizotawanywa moja moja ili kila wilaya ipate sherehe yake ya ufunguzi hazimfai msafiri kama chaja nane zilizokusanywa nne nne mahala pawili. Tunajua kuwa maneno haya hayatampendeza kila mkuu wa wilaya.

Wamarekani walilifahamu hilo baada ya kuumia. Sheria yao ya mwaka 2021 ilitenga dola bilioni 7.5 kwa ajili ya chaja, na kanuni zilizotolewa mwaka 2023 zikasema kuwa kituo cha barabara kuu kiwe na chaja zisizopungua nne, zenye kilowati 150 kila moja, na kila chaja iwe hai kwa asilimia 97 ya wakati. Asilimia 97 yaonekana nyingi, lakini maana yake ni ruhusa ya kuwa mbovu siku 11 katika mwaka. Waingereza wakadai asilimia 99 kwa chaja za kasi kuanzia Novemba 2024. Fedha hazikuharakisha mambo hata hivyo: kituo cha kwanza kilichojengwa kwa mpango ule wa Marekani kilifunguliwa huko Ohio mwezi Desemba 2023, miaka miwili baada ya sheria kupita, na mwaka 2025 serikali mpya ikasimamisha mpango wenyewe na kuuandikia masharti mengine. Mnunuzi wa gari hubaki na gari lake mikononi huku wakubwa wakibadilishana mawazo.

Sasa turudi kwetu. Kwanza tuseme wazi jambo ambalo wauzaji wa mashine hawatalisema: kisiwa cha Unguja hakihitaji sana chaja za kasi. Kutoka Mjini hadi Nungwi ni kama kilomita 60, na hadi Makunduchi kama 65. Mtu aweza kwenda Nungwi asubuhi, akarudi, na betri ya gari dogo la mtumba bado ina akiba ya kumfikisha sokoni. Pemba yote kutoka kusini hadi kaskazini haifiki kilomita 70. Ni nchi chache zilizojaaliwa umbali unaolifaa gari la umeme kama visiwa vyetu. Tunachohitaji ni plagi salama ya polepole pale gari linapolala na pale linapokaa mchana: majumbani, kwenye maofisi, hospitali, bandarini Malindi na Mkoani, na kwenye mahoteli ya pwani, ambako magari ya watalii husimama saa nyingi bila ya kazi.

Shida yetu iko kwingine, nayo iko chini ya bahari. Unguja imekuwa ikiletewa umeme kwa waya kutoka Bara tangu mwaka 1980. Mwezi Mei mwaka 2008 umeme ulikatika kwa muda wa karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, na giza likadumu hadi Machi 2010. Waliokuwa watu wazima wakati ule hawahitaji kufundishwa na mgeni maana ya uhaba wa chaja. Pampu za maji zilisimama, na mitaani ikawa mlio wa jenereta mchana kutwa. Mwenye jenereta dukani aliweka ubao wa soketi mezani, na simu za mtaa mzima zikilala juu yake kama dagaa wa kuanikwa, kila mtu na zamu yake na malipo yake. Palikuwa na waliopitishwa mbele ya wenzao kwa sababu ya kujuana. Palikuwa na waliongoja tangu asubuhi, na zamu yao ilipofika jenereta ikaishiwa mafuta. Sisi tulikuwa katika foleni hizo, na tunakumbuka vizuri uso wa mzee aliyeambiwa arudi kesho na simu yake ingali imezima. Simu ile hunywa umeme kidogo mno. Betri ya gari dogo yaweza kujaza simu kama hizo kwa maelfu.

Mambo yamebadilika tangu wakati huo, na haki isemwe. Pemba iliunganishwa na Tanga kwa waya wa baharini mwaka 2010, kwa msaada wa Norway, na Unguja ikapata waya wa pili wa megawati 100 mwaka 2013, kwa msaada wa Marekani. Huko Bara Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limekwisha kuwasha mitambo yake yote tisa. Kwa hivyo umeme wa kuyalisha magari hauna uhaba wa kuzalishwa. Hata hivyo, usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili 2024 hitilafu katika gridi ya Taifa iliwaacha gizani wananchi wa mikoa iliyounganishwa nayo, na sisi ni wenye kunywa katika mtungi huo huo. Na kati ya bwawa na gari kuna nguzo, waya na transfoma ya mtaa. Mwananchi wa Bububu au Wete ambaye taa zake hufifia magharibi, wakati kila nyumba inapowasha friji na feni, ajue kwamba gari moja linalochajiwa kwa plagi ni kama kuongeza pasi ya umeme isiyozimwa usiku kucha. Magari kumi katika mtaa mmoja ni jambo la kulitayarisha mapema. Chaja nne za kilowati 150 zikifanya kazi kwa pamoja hula kilowati 600, nayo kwa Pemba, yenye waya wa megawati 20, ni sehemu kubwa kwa magari manne.

Lipo pia suala la plagi, na hapa tungependa wakuu wa biashara na forodha watusikilize kwa makini. Gari za mtumba kutoka Japani, kama vile Nissan Leaf ambayo ndiyo ya bei nafuu kuliko nyingi, zina tundu la chaja ya kasi la Kijapani, liitwalo CHAdeMO. Gari zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la China zina tundu la Kichina. Za Ulaya zina lao. Chaja ya kasi yenye plagi moja haiwezi kulisha gari lenye tundu jingine, na msafiri aliyefika amechoka anaweza kukuta chaja nzima, isiyo na foleni, na asipate kitu. Nchi isipochagua mapema itajikuta na magari ya aina tatu na chaja ya aina moja, na lawama zote zitamwendea mlinzi wa kituo.

Gari hilo la Leaf lina jambo jingine ambalo mnunuzi wa Visiwani analistahiki kuambiwa. Betri yake haina mfumo wa maji wa kuipoza. Katika nchi ya joto huzeeka mapema, na gari lililotoka kiwandani na uwezo wa kilomita 240 laweza kufika hapa likiwa na 150 au pungufu. Tena ikichajiwa kwa kasi mara mbili tatu katika safari moja hupata moto, na mashine yenyewe hujipunguzia kasi ya kupokea ili isiungue; wenye magari hayo huko Ulaya walilalamika sana juu ya hilo mwaka 2018. Kwa safari ya Mjini na Nungwi hakuna tatizo. Aliyeuza shamba la mikarafuu akanunua gari la namna hiyo kwa nia ya kuendeshea Bara, lakini, amedanganywa na hakuna aliyemwambia. Uwezo wa betri hupimika kwa kifaa kidogo, kwa muda wa dakika chache. Tunaona ni wajibu kipimo hicho kifanywe bandarini na matokeo yake yaandikwe katika hati ya gari.

Ama safari ya Bara ni sura nyingine kabisa. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni kilomita zipatazo 450 kwa barabara, na hakuna gari la mtumba la bei ya kawaida litakalofika bila ya kusimama kuchaji mara mbili, pengine tatu. Mwenye safari ya Dodoma peke yake tungemshauri apande treni, kwani tangu mwaka 2024 reli ya umeme inamfikisha kwa muda mfupi kuliko gari lolote, naye akasoma magazeti yake njiani. Lakini wapo wanaoendelea mbele, Singida, Tabora, Mwanza, na wapo wenye mizigo. Kwa hao Chalinze, Morogoro na Gairo ndizo sehemu za kufikiriwa, na hapo ndipo kanuni ya chaja nne inapokuwa na maana.

Wenzetu wa Ethiopia wametangulia. Januari 2024 walipiga marufuku kuingiza nchini magari madogo ya petroli na dizeli, kwa kuwa mafuta yalikuwa yakiwamalizia fedha za kigeni ilhali wana umeme mwingi wa maji. Ni uamuzi wa kijasiri, na mjini Addis Ababa magari ya umeme sasa ni kitu cha kawaida. Lakini vituo vingi vimekusanyika katika mji huo, na mwenye gari la umeme anayetaka kwenda mikoa ya mbali bado hupiga simu kwanza, akauliza, akahesabu, ndipo akaamua. Sisi tunayo nafasi ya kuyapanga hayo kabla magari hayajajaa.

Kwa hivyo tunawaomba wahusika mambo ambayo hayana gharama kubwa. Chaja yoyote itakayojengwa kwa fedha za umma isihesabiwe katika ripoti kwa tarehe ya kufunguliwa kwake. Ihesabiwe kwa siku ilizofanya kazi, na hesabu hiyo itangazwe gazetini kila mwezi kama zinavyotangazwa nyakati za meli. Mkataba wa kuinunua uwe na vipuri ndani yake na fundi wa hapa hapa aliyefundishwa, tusije kungoja mtu wa kutoka ng'ambo apande ndege kwa ajili ya fyuzi. Malipo yawe ya njia anayoijua kila mtu aliyekwisha kununua umeme wa Tukuza kwa simu, kwani chaja inayodai kadi ya benki ya kigeni imejengwa kwa ajili ya mgeni. Na sheria ya maegesho iseme bayana kuwa nafasi iliyo mbele ya chaja ni ya gari linalochaji. Georgia haikuwa na sheria hiyo, na ndiyo maana polisi waliitwa wakarudi mikono mitupu.

La mwisho tunaliomba kwa heshima. Kituo cha kwanza kitakapofunguliwa, iwe Unguja au Pemba, kiongozi atakayekwenda kukikagua miezi sita baadaye aende kwa gari moja la umeme, siku ambayo hakuitangaza, na asimtume mtu mbele. Akikuta foleni asubiri zamu yake, na akikuta mashine imezima, aiandikie ripoti akiwa amekaa pale pale, pamoja na wengine waliokwama.